Mishipa ya Fahamu na Mahali pa Maradhi Yake



 Nimetakiwa niseme hapa Kyela juu ya tishu ya neva, yaani ile nyama laini ambayo kwayo mwanadamu huona, husikia, huumwa, hutembea na kufikiri. Na kwa kuwa somo hili aghalabu husomeshwa kwa michoro ya vitabuni, kana kwamba ni jambo la mbali lisilotuhusu, nimeazimia kulitazama kutoka hapa hapa tulipo, katika bonde hili lililo kati ya Milima ya Livingstone na Mto Songwe, penye mpunga, kakao, mihogo na samaki, na penye mbu na usubi pia. Dai langu ni moja. Maradhi ya mishipa ya fahamu, ambayo watu wetu wameyaogopa kuliko maradhi mengine na wakayanasibisha na majini, laana na uchawi, hayazagai ovyo mwilini. Kila ugonjwa una mahali pake mahsusi katika umbo la tishu hiyo, na aliyelielewa umbo aweza kupaonyesha mahali hapo kwa kidole.

Elimu hii si ya jana. Jalinusi, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya pili, alizikata neva mbili nyembamba zipitazo shingoni mwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, na papo hapo mnyama yule akanyamaza ilhali bado anahema. Hapo ikadhihirika mbele ya waliohudhuria kwamba sauti hutawaliwa na ubongo, wala si na moyo kama walivyodhani wengi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kanuni yake ya utabibu kwamba neva hutoka katika ubongo na katika ugwe wa mgongo, nazo ndizo ziletazo hisi na mwendo katika viungo. Yaliyobakia kufahamika baada yao yalikuwa mawili: neva zimeundwa kwa nini, na ni kitu gani kipitacho ndani yake. Majibu yalichukua zaidi ya miaka mia nane.

Jibu la kwanza lilianzia Italia mwaka 1873, Camillo Golgi alipogundua namna ya kuiloweka tishu ya ubongo katika chumvi za kromiamu, kisha katika nitrati ya fedha, hata seli chache tu kati ya maelfu zikageuka nyeusi tangu mwanzo wake hadi ncha yake ya mwisho, na zilizobaki zisionekane kabisa. Uchache huo ndio uliokuwa neema, kwa sababu ubongo wenye seli zote zilizotiwa rangi ni giza tupu lisilosomeka. Golgi mwenyewe aliamini kwamba matawi ya seli hizo yameungana yote yakawa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyeitumia njia ile ile tangu mwaka 1887, akatazama na kuchora kwa subira isiyo kifani, akakata shauri kwamba kila seli imesimama peke yake, nayo hugusana na jirani zake bila ya kuungana nazo. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya kupokea tuzo kumpinga mwenzake. Haki ilikuwa kwa Cajal. Darubini za elektroni za miaka ya 1950 ziliuonyesha uwazi ulioko baina ya seli na seli, uwazi ambao upana wake ni kama sehemu mbili katika mia elfu za milimita.

Seli hiyo ya neva huitwa neuroni. Ina kiwiliwili, ambamo mna kiini na mitambo yote ya kuihuisha. Ina matawi mengi mafupi, yaitwayo dendraiti, yapokeayo habari. Na ina uzi mmoja mrefu, uitwao aksoni, upelekao habari mbele. Fikirini juu ya urefu wa uzi huo. Neuroni iamrishayo misuli midogo ya unyayo kiwiliwili chake kimo ndani ya ugwe wa mgongo, sehemu ya chini ya mgongo, na aksoni yake hushuka paja lote na muundi wote mpaka mguuni, mwendo wa mita moja hivi kwa mtu mzima. Lau kiwiliwili hicho, ambacho hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kingekuzwa kikawa sawa na punje ya mchele wa Kyela, uzi wake ungekuwa na urefu wa kiasi cha mita mia moja. Na punje hiyo ndiyo iulishayo uzi wote: protini hutengenezwa katika kiwiliwili, kisha husafirishwa ndani ya aksoni hadi mwisho wake, na taka na habari za huko mwisho hurudishwa nyuma kwa njia hiyo hiyo. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la msafara wa kwenda na kurudi, maana tutalihitaji.

Ubongo wa mtu una neuroni zipatazo bilioni 86, na pamoja nazo zimo seli nyingine, zisizopungua sana idadi hiyo, ambazo zenyewe hazipeleki habari bali hulisha, husafisha, hulinda na kuzizungushia aksoni ala ya mafuta iitwayo mielini. Hizo ni seli saidizi. Katika ubongo na ugwe wa mgongo, seli saidizi moja yaweza kuzifunika aksoni kadhaa. Lakini katika neva za nje, zile ziendazo mikononi, miguuni na usoni, kila seli ya Schwann hujiviringisha juu ya kipande kimoja cha aksoni moja, kipande kisichozidi sana milimita moja, kisha hufuata pengo dogo lililo wazi, kisha seli nyingine. Mielini ndiyo iipayo sehemu ya ubongo weupe wake. Pale palipojaa viwiliwili vya neuroni huwa pa kijivu.

Sasa, ni kitu gani kipitacho? Hadi katikati ya karne ya kumi na tisa Johannes Müller wa Berlin, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko wote katika fani hiyo, alikuwa akifundisha kwamba mwendo wa habari katika neva hautapimika kamwe. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz aliupima mwaka 1850 kwa neva ya mguu wa chura, akapata kama mita 27 kwa sekunde. Mwendo huo si wa umeme wa nyaya, ni wa polepole mno kuulinganisha na huo. Basi ikawa lazima kutafuta umeme wa namna nyingine. Walioukamilisha uchunguzi ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliotumia aksoni ya ngisi, jamaa wa yule auzwaye katika masoko ya pwani yetu, kwa kuwa aksoni yake kubwa hufikia unene wa nusu milimita na zaidi, hata waya mwembamba waweza kupenyezwa ndani yake. Waliyoyachapisha mwaka 1952 ndiyo yasomeshwayo hadi leo.

Maelezo yao kwa ufupi ni haya. Neuroni iliyotulia huweka potasiamu nyingi ndani na kuitoa sodiamu nje, kwa pampu ndogo zilizomo katika utando wake, ambazo kwa kila ayoni tatu za sodiamu zitolewazo huingiza mbili za potasiamu, na kazi hii hula nishati usiku na mchana. Kwa sababu hiyo ndani ya seli huwa na umeme hasi wa kiasi cha milivolti 70 kuliko nje. Seli ikichochewa vya kutosha, vilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na umeme hugeuka kuwa chanya kwa muda wa elfu moja ya sekunde hivi. Kisha vilango hivyo hujifunga, potasiamu hutoka, na hali ya kwanza hurejea. Badiliko hilo la mahali pamoja hukiamsha kipande kinachofuata, na hicho nacho kingine, hadi mwisho wa uzi. Palipo na mielini, wimbi huruka kutoka pengo hadi pengo, ndiyo maana aksoni nene zenye ala huweza kufikia mwendo wa mita mia kwa sekunde, ilhali zile nyembamba zisizo na ala huenda kama mita moja tu. Kila mmoja wetu amekwisha kuyashuhudia haya aliponyofoka ukucha kwa kujikwaa: kwanza huja uchungu mkali wa ghafla, uliopita katika aksoni zenye ala, halafu baada ya kitambo kidogo hufika ule uchungu mzito uungulikao, uliokuja kwa njia ya polepole.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba wimbi lenyewe haliwi kubwa wala dogo. Likitokea limetokea, lisipotokea halikutokea. Maumivu makubwa hayana wimbi kubwa kuliko maumivu madogo. Yana mawimbi mengi zaidi kwa sekunde, na yanatoka katika aksoni nyingi zaidi.

Vijana wa shule wataniuliza kama umeme huo ni kitu cha kweli kiwezacho kushikika, au ni maneno ya wasomi tu. Jibu linaogelea katika ziwa lenu. Katika Ziwa Nyasa wamo samaki wa ile jamii ambayo wavuvi wa Ziwa Viktoria huiita domodomo, na mmoja wao, mkubwa na mrefu, ambaye wataalamu humwita Mormyrops anguilloides, huwinda usiku kando ya miamba. Katika mkia wake mna seli zilizokuwa misuli zamani za kuumbwa kwake, nazo zimegeuzwa zikawa za umeme. Ubongo ukitoa amri moja, seli hizo hufyatua zote kwa pamoja pigo fupi la umeme hafifu, usioweza kumdhuru mtu, na ngozi yake imejaa viungo vidogo vipokeavyo mwangwi wa pigo hilo, hata akajua kilichoko mbele yake bila ya kuhitaji macho. Samaki mwenye kipawa hicho hadhuriki na tope liletwalo na Songwe na Kiwira wakati wa masika. Hans Lissmann wa Cambridge ndiye aliyethibitisha, mwaka 1951, kwamba wako samaki wa maji baridi ya Afrika watoao umeme hafifu namna hiyo bila kukoma. Na mwaka 2005 watafiti wawili, Matthew Arnegard na Bruce Carlson, walieleza jinsi Mormyrops wa ziwa hili hili wawindavyo kwa makundi, wakipeana mapigo ya umeme wanapokaribiana, huku samaki wadogo wa miambani wasiwe na habari kwamba mawindo yanapangwa juu ya vichwa vyao. Sijui kama liko katika ziwa zima jambo lingine linalostahili zaidi kuonyeshwa watoto wetu. Umeme ule ule uliopimwa katika ngisi, ambao ndani ya vichwa vyetu umefichika, kiumbe huyu ameukusanya akautoa nje ya ngozi yake ukawa taa.

Naye huulipia gharama. Domodomo mmoja wa Afrika Magharibi alipopimwa alionekana kwamba ubongo wake peke yake hutumia kama asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Sisi hatukufikia kiasi hicho, walakini ubongo wetu, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, hutumia kama asilimia 20, na sehemu kubwa ya matumizi hayo huenda katika kuziendesha zile pampu za sodiamu nilizozitaja. Ubongo hauna ghala; hutegemea damu iletayo oksijeni na sukari kila dakika, na damu ikisimama kwa dakika chache tu neuroni huanza kufa.

Hapa ndipo malaria inapoingia, nasi wa bonde hili hatuhitaji kufundishwa malaria ni nini. Vimelea vya malaria kali huzifanya chembe nyekundu za damu zinate katika kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, damu ikapita kwa taabu, na wakati huo huo sukari ya mtoto ikashuka. Neuroni zilizokosa chakula hushindwa kuishikilia ile hali ya utulivu, umeme wake ukafumka ovyo, na mtoto akashikwa na degedege. Mahali pa ugonjwa huu, basi, ni katika mishipa ya damu ya ubongo, na zana zake ni dawa ya malaria, sukari na muda. Ziko sehemu za nchi yetu ambako wazazi wameonywa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Wakaenda kwanza kwa mganga, wakafika hospitali jua limekuchwa, mtoto akafa, na kifo chake kikahesabiwa kuwa ushahidi juu ya sindano. Nalisema hili kwa uchungu, maana wazazi hao walikuwa wakimpenda mtoto wao.

Tumeziona neuroni zimesimama mbalimbali; yapasa sasa kuuliza habari huvukaje uwazi uliopo baina yao, mahali paitwapo sinapsi. Otto Loewi, alipokuwa mwalimu katika mji wa Graz, alichukua mioyo miwili ya vyura, akaichochea neva ipunguzayo mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayatia katika wa pili. Nao ukapunguza mapigo, ijapokuwa haukuguswa neva yoyote. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1921. Habari, kumbe, huvuka kwa kemikali: wimbi likifika mwisho wa aksoni, vifuko vidogo hupasuka vikamwaga kemikali yake, nayo hushika katika vipokezi vya seli ya pili, ama ikaiamsha, ama ikaituliza. Katika maungano ya neva na misuli kemikali hiyo ni asetilikolini, na kiko kimeng'enya maalumu ambacho kazi yake ni kuivunja mara tu inapomaliza kazi, ili msuli upate kulegea.

Wakulima wa kakao nawasihi wanisikilize. Ziko dawa za kuulia wadudu, zenye fosforasi ya namna maalumu, ambazo huua kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Mdudu hufa kwa sababu neva zake haziachi kufyatua. Kimeng'enya chetu na cha mdudu ni karibu kitu kimoja. Mtu apuliziaye dawa hizo bila glavu wala kitambaa cha pua, upepo ukimrudishia usoni, huanza kutokwa na mate na jasho, macho yakafinyaa mboni, tumbo likasokota, misuli ikatukutika, na dawa ikizidi pumzi humkatika. Ugonjwa wake uko katika sinapsi, na hospitali zina atropini ya kuupingia. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe upesi, na chupa ya dawa ichukuliwe pamoja naye.

Pepopunda nayo ina makao yake katika sinapsi, lakini sinapsi nyingine. Nilisema kwamba ndani ya aksoni uko msafara urudio nyuma. Sumu ya pepopunda, inayozaliwa katika jeraha chafu au katika kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, huupanda msafara huo hadi ndani ya ugwe wa mgongo, kisha huzizuia zile neuroni zenye kazi ya kutuliza zisimwage kemikali zao. Kilichobaki ni amri za kukaza peke yake, zisizo na wa kuzizuia. Taya hufunga, mgongo hupindika upinde. Kirusi cha kichaa cha mbwa hupita njia hiyo hiyo ya kurudi nyuma, na ndiyo sababu aliyeumwa usoni huwa na muda mfupi kuliko aliyeumwa mguuni. Kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na kupata chanjo siku ile ile ni kukiwahi kirusi njiani kabla hakijafika.

Ukoma, ambao waandishi wa zamani waliuita jedhamu, uliogopwa kiasi cha kufukuziwa watu nje ya vijiji, na kumbe makao yake ni madogo mno. Bakteria wake, aliyeonwa na Gerhard Hansen wa Norway mwaka 1873, mwaka ule ule wa ugunduzi wa Golgi, hupenda kukaa ndani ya seli za Schwann, na hupendelea sehemu za mwili zilizo na ubaridi, kama vile kiwiko, mkono, mguu na uso. Ubongo hauugusi. Seli za Schwann zikiharibika, aksoni zilizofunikwa nazo hufa, na mtu hupotewa na hisi ya maumivu. Vidole vya mwenye ukoma havianguki kwa ugonjwa wenyewe. Huharibika kwa kuungua jikoni, kukatwa na kuchomwa na miiba bila mwenyewe kuhisi, siku baada ya siku, mpaka vikafupika. Dawa za mchanganyiko zilizoanza kutumika katika miaka ya 1980, nazo hutolewa bure, humwua bakteria, lakini haziirudishi neva iliyokwisha kufa, na kwa hiyo baka lisilo na hisi lionwapo katika ngozi lisingojwe. Neva ya nje iliyokatwa kwa panga, ikiwa njia yake ya seli za Schwann imesalimika na daktari ameiunga, huweza kuota tena, kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Aliyekatwa kiwikoni huenda akangoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ncha za vidole hazijaamka. Katika ubongo na ugwe wa mgongo hata mwendo huo haupo.

Nimefika kwenye ugonjwa nitakaouchukulia muda zaidi, maana unahusu chakula chetu. Mwaka 1985, wilayani Tarime katika mkoa wa Mara, ukame uliharibu mazao na watu wakabaki wakitegemea muhogo mchungu. Na kwa njaa iliyokuwapo wakafupisha siku za kuuandaa. Ghafla, katika familia ambazo jana yake zilikuwa nzima, watu, wengi wao watoto na wanawake, wakashikwa na ukakamavu wa miguu yote miwili, wakatembea kwa ncha za vidole, magoti yakipishana kama mkasi, na wengine wasiweze kutembea kabisa. Giovanni Trolli aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1938 katika eneo la Kwango huko Kongo, na jina lake ni konzo. William Howlett na wenzake, akiwamo Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Msweden Hans Rosling, waliwachunguza wagonjwa wa Tarime na kuchapisha maelezo yao mwaka 1990. Na baadaye, mwanzoni mwa karne hii, ugonjwa ukatokea Mtwara.

Tazameni jinsi umbo linavyousoma ugonjwa huu. Akili ya mgonjwa ni timamu, hisi zake za ngozi ni nzima, mkojo wake hautoki ovyo, wala misuli yake haikufa, imekakamaa. Hayo yote yanatuonyesha mahali pamoja tu, napo ni zile neuroni ambazo viwiliwili vyake vimo katika gamba la ubongo, na aksoni zake hushuka, zikavuka upande wa pili chini ya ubongo, zikateremka ndani ya ugwe wa mgongo kwenda kuziamrisha neuroni za misuli. Zilizo ndefu kupita zote ni ziendazo kwenye miguu, na miguu ndiyo inayopatikana kwanza. Muhogo mchungu una kitu ambacho mzizi unapopondwa hutoa sianidi. Sianidi hiyo, muhogo ukilowekwa na kuvundikwa kwa siku kadhaa na kuanikwa, hupotea hewani na majini. Iliyobaki mwili huigeuza isiwe sumu kali, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hiyo hupatikana katika protini za samaki, maharage, nyama na mayai. Basi wanaopatwa na konzo ni wale waliokula muhogo usioandaliwa vema kwa wiki nyingi bila kitoweo. Kwa watu wa mwambao huu dagaa wa ziwani, usipa, ni zaidi ya kitoweo. Katika mwaka wa njaa, mama atakayeuza usipa wote akawapa watoto ugali mtupu wa muhogo mchungu atakuwa ameuza kinga yao.

Konzo haizidi kadiri miaka ipitavyo, wala haiponi. Kinga yake ni ya jikoni. Iko njia moja iliyotumiwa Mtwara ambayo haihitaji siku tatu za kuloweka: unga wa muhogo huchanganywa na maji hadi ulowe, hutandazwa juu ya mkeka uwe tabaka jembamba, na huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha hupikwa siku ile ile. Sehemu kubwa ya sianidi iliyosalia huruka katika muda huo.

Mwisho ni kifafa, ambacho kimewaonea watu wengi. Kifafa si pepo, wala hakiambukizi kwa mate. Ni neuroni nyingi za gamba la ubongo kufyatua umeme wake kwa wakati mmoja, ambapo kwa kawaida kila moja hufyatua kwa zamu yake. Kovu lolote la ubongo laweza kuleta hali hiyo: malaria ya utotoni, uzazi uliokuwa mgumu, ajali ya pikipiki, minyoo ya nguruwe iliyojificha kichwani. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto wa jikoni, kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa walipoanguka. Naye ndiye wa mwanzo kuandika habari za watoto wa huko walioinamisha kichwa mara kwa mara, ugonjwa ambao baadaye ulitokea Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Mahenge ni nchi ya usubi, yaani yule inzi mdogo wa mito iendayo kasi aletaye minyoo ya ngozi na upofu, na uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba palipo na usubi mwingi pana kifafa kingi. Namna hasa minyoo hiyo inavyoufikia ubongo wataalamu bado wanaichunguza. Mito yenu nayo, kuanzia Rungwe na Ileje hadi hapa Kyela, imo katika ramani ya usubi, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Tukuyu. Vidonge vya ivermectini vigawiwavyo vijijini, basi, visitupwe kwa sababu macho bado yanaona.

Mtu akianguka kifafa, asishikwe kwa nguvu, asitiwe kijiko wala kitambaa mdomoni, asimwagiwe maji. Aondolewe motoni au majini, alazwe ubavu, akae naye mtu mpaka azinduke. Na mshtuko ukipita dakika tano apelekwe hospitali. Fenobabitali, dawa ya bei nafuu ambayo Mahenge waliitumia tangu mwanzo, huzituliza neuroni kwa kuzipa nguvu zile sinapsi zenye kazi ya kutuliza, na wagonjwa wengi hukaa miezi na miaka bila kuanguka. Mvuvi mwenye kifafa asiende ziwani peke yake wala usiku hadi daktari wake amruhusu, na jamaa zake wazichukue dawa zake zahanatini kabla zile za mwezi huo hazijamalizika, kwa maana kifafa kilichonyamaza kwa dawa hurudi kwa ukali dawa zinapokatwa ghafla.